Madebe Mawili Nyuma ya Pazia

Mwaka nilipofikisha miaka kumi na saba, wazazi wangu walikuwa wakiamka usiku kukojoa mara nyingi kuliko watoto wachanga wa mtaa mzima, na serikali ilikuwa imekataza mtu yeyote kutoka nje ya nyumba baada ya magharibi. Mambo hayo mawili hayakupatana hata kidogo.

Tulikuwa tukikaa Kiwanjani, pale Isiolo, watu watatu katika nyumba ya udongo yenye paa la mabati. Dada zangu wawili walikuwa wameshaolewa. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe mpaka vita vya serikali na waasi walioitwa shifta vilipofunga njia ya Korbesa, kwao, alikokuwa akinunua mifugo. Baada ya hapo alibaki kukaa barazani na kugombana na redio. Mama aliuza maziwa asubuhi na kunywa chai siku nzima. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, nikawa msomaji wa barua na mkalimani wa nyumba yetu na ya majirani, kwa kuwa Kiborana chetu hakikufika mbali ofisini.

Sisemi vita vile vilikuwa mchezo. Tulipoteza ng'ombe, tukapoteza na watu. Lakini nikiikumbuka nyumba yetu ya miaka ile, kinachonijia kwanza ni kicheko, na sioni sababu ya kukifukuza.

Choo chetu kilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni, tukikitumia pamoja na nyumba nyingine tatu. Baba aliamka mara tano kwa usiku, Mama mara sita. Mwanzoni kila mmoja alikwenda peke yake. Kafyu ilipoanza, wakaona ni salama zaidi waende pamoja, Baba ameinua taa ya chemni mbele ya uso wake ili askari wa doria waone ndevu nyeupe, Mama nyuma yake ameshika ncha ya shuka lake. Majirani waliowachungulia kwenye nyufa za madirisha wakasema wazee wale wamerudi kuwa maharusi.

Usiku mmoja walisimamishwa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia kila neno.

"Simama hapo. Wewe ni nani?"

Baba alijibu kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Ni mkojo."

"Mkojo nani?"

"Mkojo yangu."

"Mzee, nauliza jina."

"Jina iko kwa kipande, na kipande iko kwa nyumba. Hapa iko mkojo peke yake."

"Na yangu pia iko," akasema Mama kutoka nyuma ya shuka.

Mimi pale mlangoni nilianza kuwasomea dua. Kisha mtu akacheka gizani, akafuatiwa na mwingine. Walikuwa watatu. Wakawasindikiza wazazi wangu mpaka chooni na bunduki zao, wakawangojea, wakawarudisha. Mmoja wao, mtu mzima kwa sauti yake, alimwambia Baba kwa upole, "Mzee, sisi sasa tunakujua. Lakini watakaoshika zamu kesho hawakujui. Tafuta debe, ulale ndani na familia yako."

Yule askari alituokoa. Sikuwahi kuuona uso wake.

Kesho yake Mama alitafuta madebe mawili, moja lililokuwa la mafuta ya taa na moja la samli. Baba alikuwa amekataa katakata kushiriki debe na mwanamke, hata kama ni mke wake wa miaka thelathini. Madebe yakawekwa nyuma ya pazia, upande mmoja la Mama, upande wa pili la Baba. Kitanda changu kilikuwa upande huu wa pazia hilo hilo.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, bila kutaka, kwamba wazazi wangu hawakuwa na ugonjwa mmoja. Debe la Mama lilikuwa mvua ya masika juu ya mabati. Lilianza ghafla, likapiga, likaendelea mpaka unajiuliza mwili mdogo vile umeyaweka wapi maji yote hayo. La Baba lilianza kwa kimya kirefu. Kisha tone. Kisha tone jingine. Kisha kimya tena.

"Umemaliza?" Mama angeuliza kutoka kitandani.

"Bado sijaanza."

"Na hayo niliyosikia?"

"Yale ni ya kubisha hodi."

Mimi nilikuwa nauma blanketi nisije nikacheka, kwa maana binti kucheka mkojo wa baba yake ni aibu ambayo hata jina haina. Siku moja blanketi lilinishinda. Nikatoa sauti kama mbuzi aliyekabwa. Kisha Mama naye akaanza kucheka, taratibu, halafu kwa nguvu, halafu akapiga kelele kwamba asogezewe debe lake upesi. Baba alitunyamazia mpaka adhuhuri ya kesho yake.

Majirani walileta dawa. Mwanamke mmoja wa nyumba ya pili alisema ni baridi ya ardhi, akashauri wakalie gunia la mchanga uliopashwa moto. Baba alikalia lake kabla halijapoa, akasimama upesi kuliko nilivyowahi kumwona akisimama. Sheikh wa karibu alitusomea dua juu ya maji, nao wakayanywa kwa imani, jagi zima kila mmoja, na usiku ule hakuna aliyelala. Mungu anisamehe, dua ilikuwa dua, lakini maji yalikuwa maji.

Mwingine akasema dawa ni kutokunywa kitu chochote kuanzia alasiri. Hiyo ilimsaidia Baba kidogo, akashuka kutoka mara tano mpaka nne. Mama karibu arukwe na akili. Ulimi wake ulikauka ukawa kama ngozi ya kiatu. Siku ya pili nilimkuta amejificha nyuma ya mlango akinywa maji ya udhu moja kwa moja kutoka kwenye birika. Akaniapisha nisiseme. Akatoka hapo akachemsha chai, akatia vijiko vitano vya sukari, akasema koo lake linataka kitu kitamu.

Wakati huo alikuwa amekonda sana. Bangili zake, zilizokuwa zikibana mkono, zilikuwa zinateleza mpaka kwenye kiwiko. Wanawake wenzake walimsifu kwamba amerudi msichana. Hata yeye alifurahi, akaanza kupaka hina.

Kila alfajiri, kafyu ikiisha, mimi ndiye niliyemwaga madebe kando ya ua wa miiba. Baba aliagiza lake limwagwe mbali na la Mama, nami nikatii, lake kulia, la Mama kushoto. Baada ya siku chache niliona kitu. Upande wa Mama ulikuwa mweusi kwa sisimizi. Walitoka chini ya miiba kwa foleni, wakazunguka pale penye unyevu, wakapanda hata kwenye mdomo wa debe lake la samli. Upande wa Baba hakukuwa na mdudu hata mmoja. Nilidhani ni lile debe, kwamba bado lina harufu ya samli, nikabadilisha madebe yao kimya kimya. Sisimizi walimfuata Mama vilevile.

Niliwaita wote wawili waje waone. Baba aliinama, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Hata sisimizi wamekuchagua wewe," akamwambia Mama.

"Wanajua mtu mwema," akajibu Mama, akaingia ndani na maringo yake.

Wiki hiyo nilichomwa na mwiba mguuni, kidonda kikavimba, nikaenda zahanati. Palikuwa na dresa, mhudumu wa vidonda na dawa, kijana Mmeru kutoka milimani, Mkristo aliyejua kutuamkia kwa salaam aleikum bila kuumauma maneno. Sote tulimwita daktari ingawa mwenyewe alikuwa anatukataza. Alipokuwa akinisafisha kidonda nilihitaji kitu cha kunisahaulisha maumivu, basi nikamsimulia habari za sisimizi. Alicheka mwanzoni. Kisha mkono wake ukasimama na pamba.

"Ni kwa mama tu? Kwa mzee hawaendi?"

"Hata mmoja."

"Mama anakunywa maji sana?"

"Ukimwachia mtungi anaumaliza."

"Amekonda?"

Nikamweleza habari za bangili. Dresa akafunga bandeji, akasema, "Niletee mama kesho asubuhi. Na mzee aje pia. Usiwatishe."

Niliwapeleka. Kila mmoja alipewa kichupa, na kila mmoja akakirudisha amekificha chini ya nguo kana kwamba amekiiba. Dresa akachukua bomba dogo la kioo, akatia kijiko kimoja cha dawa ya bluu na matone manane ya mkojo wa Mama, akalishika kwa koleo juu ya taa ya spiriti. Sote watatu tulisogea kama watu wanaotazama chai ichemke. Ile bluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Njano ikaiva ikawa rangi ya matofali, nzito, yenye mashapo chini.

"Imekuwa nzuri," akasema Mama.

"Hapana, mama yangu. Hii ni sukari. Ni ya mkojo wako."

Nilitafsiri. Mama akaniuliza kama nimetafsiri vizuri. Dresa akaeleza polepole, nami nikifuata nyuma yake: kwamba sukari imejaa kwenye damu yake, mwili haujui tena kuitumia, na figo zinaitupa nje kwa mkojo. Na sukari haitoki peke yake, huvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana anakojoa mchana na usiku, ndiyo maana ana kiu, ndiyo maana nyama inamwisha mwilini. Kumnyima maji ni kumuumiza. Cha kumnyima ni sukari.

"Hata kwa chai?" akauliza Mama, na hiyo aliiuliza kwa Kiswahili mwenyewe.

"Kwa chai kwanza kabisa."

Sijawahi kuona mtu akipokea habari ya msiba kwa uso kama ule.

Ikaja zamu ya Baba. Dawa ilichemka, ikachemka, ikabaki bluu. Baba akavuta ndevu zake. "Yangu kama mbingu," akamwambia Mama. Alitaka tuondoke hapo hapo, akiwa mshindi. Dresa akamwomba akae, akaniambia mimi nitoke nje kidogo. Nilitoka. Ukuta wa chumba kile ulikuwa bati moja, kwa hiyo nilisikia yote nikiwa nimesimama kwa adabu.

"Mzee, mkojo unatoka haraka ukitaka?"

"Hapana. Mimi nasimama, yeye nakataa. Mimi nangoja, yeye nakuja kidogo, halafu nasimama tena. Yeye nacheka mimi."

"Ukimaliza, unasikia umemaliza?"

"Narudi kitanda, yeye naita mimi tena."

Nadhani dresa alianza kumgusa tumbo, maana Baba alilalamika juu ya mikono ya baridi. Kisha dresa akamweleza kwa maneno ambayo Baba angeyaelewa. Chini ya kibofu kuna tezi, wanaume peke yao ndio walio nayo, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Ujanani ni ndogo kama ndimu changa. Kwa wanaume wengi inakua na umri, ikifika ukubwa wa chungwa inabana njia. Kibofu kinasukuma, kinachoka, kinabaki na nusu yake, na kwa sababu kilikuwa na nusu tayari, kinajaa tena upesi.

"Mama anaamka kwa sababu mkojo wake ni mwingi," akasema. "Wewe unaamka kwa sababu wako hauishi."

Wengine, akasema, hupata nafuu kwa kupunguza chai ya jioni, kutoubana mkojo, na kabla ya kulala kukojoa, kungoja kidogo, na kukojoa tena. Lakini Baba alikuwa ametoka kukojoa sasa hivi na kibofu chake bado kilikuwa kimejaa hadi karibu na kitovu. Alihitaji hospitali. Dresa akaandika barua mbili, moja ya tezi na moja ya sukari, akatusaidia kupata kibali cha kusafiri kwenda hospitali ya misheni kule milimani.

Magari siku zile yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Tulifika kwenye kizuizi cha barabara baada ya alfajiri tukapandishwa kwenye lori pamoja na wanawake wengine na magunia. Amri ilikuwa moja: hakuna kushuka. Msafara haukuondoka mpaka saa nne.

Mama alikuwa amekuja na debe lake. Wanawake walisimama wakamzungushia leso, yeye akafanya mambo yake mara mbili kabla lori halijatikisika, na mara mbili nyingine njiani, akishukuru kila mara. Alimnong'oneza Baba kwamba leso zipo kwa ajili yake pia. Baba akatazama mlima. Mzee aliyewahi kuswaga ng'ombe mia mbili asingeweza kukojoa katikati ya kina mama. Akabana. Tulipoanza kupanda, baridi ikaja, akabana zaidi. Kufika hospitali akakimbilia nyuma ya miti, akakaa huko, akakaa, akarudi uso wa kijivu.

"Imefungwa," akaniambia. "Yote. Hata yale ya kubisha hodi hayapo."

Ile saa moja iliyofuata sikucheka. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma na jasho lilimtiririka kwenye baridi ile. Daktari, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuhesabika, alimlaza, akaniambia nisimame nyuma ya skrini nitafsiri. Baba hakujali tena kama nipo. Waliingiza mpira mwembamba mahali ambapo sitapataja, Baba akaita majina yote ya Mwenyezi Mungu aliyoyajua, na kisha nikasikia kwenye beseni sauti ambayo tangu madebe yaingie ndani nilikuwa nimeisikia upande wa Mama tu.

Baba akaanza kulia kwa furaha. Akaanza na dua. Alimwombea daktari, akamwombea mama yake daktari, akawaombea wauguzi, dereva wa lori, askari, mashifta wapate akili, na mpira wenyewe.

"Anasema nini?" akauliza daktari.

"Anakuombea ngamia mia moja."

"Mwambie ahsante. Sina zizi."

Nilitafsiri. Baba akacheka, na alipocheka beseni likapata zaidi, na muuguzi akalazimika kukimbilia la pili. Upande wa pili wa mlango Mama alikuwa akiuliza kuna nini, na mimi sikuweza kumjibu, nilikuwa nimekaa sakafuni nikijishika mbavu.

Walimwacha na mpira siku kumi ili figo zipumzike, kisha wakampasua na kuondoa kilichobana. Siku mbili tatu mkojo ulitoka mwekundu, akaandika wasia kwa mdomo, ukawa wa pinki, akaufuta wasia. Mama alipewa vidonge na mafundisho ya chakula: ugali nusu ya sahani, maharagwe, mboga, nyama apendavyo ila mafuta kidogo, na chai tupu. Kila asubuhi walimpima kwa ile dawa ya bluu, naye akaja kwenye dirisha la wodi ya wanaume kutoa taarifa. "Leo machungwa." Baada ya siku kadhaa, "Leo kijani, ile ya majani." Baba naye alimwonyesha chupa yake. Wagonjwa wengine walitega masikio.

Tulirudi Isiolo baada ya mwezi na siku kidogo. Usiku wa kwanza nyumbani niliamshwa na ukimya. Mama alikuwa ameshaamka, mara yake ya kwanza na ya mwisho usiku ule, naye ameinama juu ya Baba, sikio karibu na pua yake.

"Nimelala," Baba akasema bila kufumbua macho. "Sijafa. Hebu niache nijaribu."

Mama aliishi na ugonjwa wake miaka mingi, akijipima, akikagua nyayo zake kila jioni, na akimchukia kila mtu aliyetia sukari kwenye chai mbele yake. Baba alibaki akiamka mara moja tu kwa usiku, mwaka mzima vivyo hivyo, na akaizungumzia mara hiyo moja kama watu wanavyozungumzia shahada ya chuo. Baada ya sala ya Ijumaa wazee walianza kuja kwetu mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Kila mmoja alikuwa na rafiki.

"Rafiki yako," Baba angeuliza, "anamaliza?"

"Anasema hamalizi."

"Ana kiu sana?"

"Kiu, hapana."

"Basi mwambie huyo rafiki aende kwa dresa kabla njia haijaziba kabisa, na asiende na wanawake kwenye lori."

Wenye kiu aliwaelekeza kwa Mama, aliyewatazama vifundo vya mikono na kuwauliza habari za sisimizi. Walikuwa wengi, na zahanati ilikuwa na dresa mmoja asiyejua Kiborana wala Kisomali. Ndipo siku moja akaja mwenyewe nyumbani, akakaa barazani, akanywa chai tupu aliyopewa na Mama bila kuuliza, akamwomba Baba ruhusa niwe nakwenda kumsaidia kutafsiri asubuhi. Baba akafikiri kwa heshima inayostahili.

"Ataanza Jumatatu," akasema Mama.

Nilianza Jumatatu. Kazi yangu ya kwanza katika maisha ilikuwa kuwauliza wazee wenye heshima zao wanakojoa mara ngapi usiku, na kuuliza bila kucheka. Ilinichukua karibu mwezi kuiweza.